Zero Ilikuwa na Rangi Gani? Kiwanda, Tarehe na Ushahidi katika Modeli za Ndege za Vita za Japani

Nunua maboksi mawili ya modeli ya Zero, ndege ya kivita ya Jeshi la Majini la Japani, kutoka kampuni mbili tofauti, yote ya ndege zilizoshambulia Pearl Harbor Desemba 1941, kisha fungua karatasi za maelekezo. Moja inaweza kukuambia upige kijivu. Nyingine itakuambia kijivu kilichoingiwa na ukijani. Tafuta na michoro ya miaka ya 1960, utakuta Zero iliyo karibu na nyeupe. Ndege ni ileile, asubuhi ni ileile, rangi ni tatu. Walioandika maelekezo hayo hawakuwa wakibahatisha. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake mkononi, na ubishi umedumu zaidi ya miaka hamsini kwa sababu ushahidi wenyewe hubadilika rangi.

Anayeanza fani hii huuliza, "Ninunue kopo gani?" Swali hilo linakuja mapema mno. Kabla ya kopo kuna mambo manne ya kujua: ndege ilikuwa ya jeshi gani, ilitoka kiwanda gani, ilitoka lini, na rangi yake ilipigwa kiwandani au ilipigwa uwanjani na mafundi wa kikosi. Japani haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea. Jeshi la Majini lilikuwa na ndege zake, Jeshi la Nchi Kavu lilikuwa na zake, na majeshi haya mawili hayakukubaliana hata kuhusu rangi. Ukishajua mambo hayo manne, kopo linapatikana bila shida kubwa.

Nitaanza na Zero, kwa sababu ndiyo modeli inayojengwa kuliko zote na ndiyo yenye mgogoro mkubwa zaidi.

Ndege yenyewe

Zero ilibuniwa na timu ya Horikoshi Jiro katika kampuni ya Mitsubishi, ikaruka mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1939. Jeshi la Majini liliipokea rasmi mwaka 1940, ambao kwa kalenda ya kifalme ya Japani ulikuwa mwaka 2600. Tarakimu ya mwisho ya mwaka huo ndiyo iliyoipa jina la Aina ya 0. Alama yake ya kijeshi ni A6M: A kwa ndege ya kivita ya kurukia melini, 6 kwa kuwa ya sita katika mfululizo huo, M kwa Mitsubishi. Mabawa ya Modeli 21, toleo la ndege hiyo lililotumika Pearl Harbor, yalikuwa na upana wa mita 12 kutoka ncha hadi ncha, na kila ncha ilikunjwa nusu mita hivi ili ndege iingie kwenye lifti ya meli. Katika skeli ya 1/48 mita hizo 12 zinakuwa sentimita 25, yaani inakaa vizuri kwenye rafu ya vitabu. Katika 1/72 inapungua hadi sentimita 17 hivi. Katika 1/32 inafika sentimita 37 na nusu, na hapo familia itaanza kuuliza itawekwa wapi.

Maboksi mengi mazuri hutoka mkoa mmoja tu wa Japani, Shizuoka. Tamiya wako mjini Shizuoka, Hasegawa wako Yaizu, mji wa jirani, na Aoshima na Fujimi nao ni wa mkoa huohuo. Eneo hilo lilikuwa na ufundi wa mbao tangu zamani. Tamiya wenyewe walianza wakiuza mbao, wakahamia kwenye modeli za mbao, na modeli yao ya kwanza ya plastiki ilitoka mwaka 1960. Eduard wa Jamhuri ya Czech walitoa Zero yao ya 1/48 mwaka 2021, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoleta ribiti na maungio ya mabati kwa undani ambao zamani ulihitaji kazi ya wiki nzima.

Kwa nini ushahidi ni haba

Agosti 1945, kati ya kutangazwa kwa kusalimu amri na kuwasili kwa majeshi ya Marekani, Wajapani walichoma nyaraka za kijeshi kwa wingi. Ndege zilizobaki ziliharibiwa baadaye kwa amri ya Wamarekani, isipokuwa chache zilizochukuliwa kwa uchunguzi. Kwa hiyo kilichobaki ni picha, mabaki ya ndege zilizoanguka, karatasi chache zilizonusurika, na kumbukumbu za waliokuwepo.

Picha karibu zote hazina rangi, na filamu za enzi hizo zilikuwa na tabia zake. Filamu aina ya othokromatiki haioni nyekundu, kwa hiyo duara jekundu la Japani, hinomaru, hutoka karibu jeusi, na njano nayo hutoka nzito kuliko ilivyo. Filamu ya pankromatiki inaona rangi zote lakini kwa uzito tofauti. Mtu akikuonyesha picha mbili za Zero, moja nyeupe na moja ya kijivu kizito, usikubali haraka kwamba ni rangi mbili. Uliza kwanza filamu, jua lilikuwa upande gani, na kama bati lilikuwa linang'aa. Rangi yenye kung'aa huakisi anga. Rubani aliyeiona Zero ikigeuka juani akasema ni nyeupe au ya fedha alikuwa akieleza kweli alichokiona, ila alichokiona kilikuwa mwanga.

Hata ndege maarufu iliyotekwa haikusaidia sana. Tarehe 4 Juni 1942 Koga Tadayoshi alijaribu kutua kwa dharura kwenye kisiwa cha Akutan, Alaska. Ndege ikapinduka kwenye tope, naye akafa. Wamarekani waliipata Julai, wakaisafirisha hadi San Diego, wakaikarabati na kuirusha Septemba. Ilikuwa hazina kubwa kwa marubani wao waliotaka kujua udhaifu wake. Lakini kwa sisi wa rangi, walichofanya San Diego ni kuipiga rangi upya na kuichora alama za Marekani.

Ameiro

Sasa tufike kwenye kiini. Februari 1942 taasisi ya ufundi wa anga ya Jeshi la Majini kule Yokosuka, inayojulikana kwa kifupi cha Kugisho, ilitoa ripoti namba 0266 kuhusu majaribio ya kuificha Zero kwa rangi. Mle ndani, kama jambo la kupita tu, imeelezwa rangi ambayo Zero ilikuwa nayo wakati huo: J3, ambayo ni kijivu katika viwango vya rangi vya jeshi hilo, iliyoegemea kidogo kwenye ameiro, na yenye kung'aa. Ameiro ni rangi ya ame, peremende inayopikwa kwa wanga, hudhurungi-njano inayopitisha mwanga.

Maelezo hayo mafupi yamezaa makundi mawili. Kundi la kwanza lilishika neno "ameiro" likaacha lile la "kidogo", likapaka Zero za rangi ya karameli, karibu na kaki. Kundi la pili liliona hizo karameli likacheka, likarudi kwenye kijivu kitupu. Nadhani yote mawili yameruka kiini cha maelezo yenyewe. Ripoti inasema kijivu kwanza. Kisha inasema kijivu hicho kina joto, kina unjano uliofifia na uzeituni ndani yake. Weka kijivu cha namna hiyo karibu na kijivu cha kawaida utaona ukijani. Weka karibu na kijani utasema ni kijivu. Jicho linaamua kwa kulinganisha, na hapo ndipo watu wawili wenye macho mazima wanapogombana juu ya kipande kimoja cha bati.

Mabaki ndiyo yaliyosaidia kutuliza ubishi, ingawa nayo yana hila zake. Yapo mabaki ya Zero zilizoangushwa Pearl Harbor, na ya ile ya Nishikaichi Shigenori iliyotua vibaya kisiwani Niihau siku hiyohiyo ya tarehe 7 Desemba 1941. Kipande kilichokaa nje miaka mingi hupauka na kutoa unga wa kijivu cheupe juu yake, kama kiti cha plastiki kilichosahaulika juani. Jua limevunja ile gundi inayoshika chembe za rangi, na chembe zilizobaki wazi hutawanya mwanga. Ukisugua kwa polishi laini, unga unaondoka, na chini yake hutokea kijivu-zeituni chenye joto. Ndiyo maana mtu aliyekitazama bila kukisugua aliandika "kijivu hafifu", na aliyesugua akaandika "zeituni". Upande wa pili, rangi zenye mafuta zikifungiwa gizani kwa miongo huingia unjano ambao hazikuwa nao. Kwa hiyo kipande cha juani kinakudanganya kuelekea weupe, na kipande cha kabatini kinaweza kukudanganya kuelekea karameli. Mtafiti makini huchukua vipande vingi, kutoka sehemu nyingi, na kuulizia historia ya kila kimoja.

Kwa mjenzi, tafsiri yake ni hii. Zero ya Pearl Harbor ilikuwa mpya na ilitunzwa. Ipige kijivu-kijani chenye joto, kisha uipe mng'ao. Mimi huanza na kopo la rangi XF-76 la Tamiya, ambayo iko karibu sana, na huidondoshea rangi ya mchanga kidogo, zaidi ninapojenga 1/72 kuliko 1/48. Kadiri modeli inavyokuwa ndogo ndivyo rangi iliyo sahihi kwenye bati halisi inavyoonekana nzito mno kwenye plastiki, kwa sababu ndege halisi unaiona kwa mbali, na hewa iliyo katikati huipausha. Kwa Zero ya miezi sita baadaye, iliyoshinda kwenye jua na chumvi visiwani, ongeza kijivu cheupe juu ya mabawa na mgongoni, punguza mng'ao, lakini tumboni, ambako jua halifiki, acha ule uzeituni wa mwanzo. Tofauti hiyo ya juu na chini inaeleza umri wa ndege vizuri kuliko uchafu wowote utakaoupaka.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Usukani wa mkia na visukani vya mabawa vya Zero vilikuwa fremu zilizofunikwa kitambaa, si bati. Rangi kwenye kitambaa ilikuwa na mapishi yake, na mara nyingi picha zinaonyesha sehemu hizo zikiwa hafifu zaidi na za kijivu zaidi kuliko bati linalozizunguka. Kuzipiga kivuli tofauti kidogo kunaleta uhai ambao huupati kwa kuchora mistari meusi kwenye maungio yote.

Mitsubishi au Nakajima

Watu hushangaa kusikia kwamba Zero nyingi hazikujengwa na Mitsubishi. Nakajima, ambayo ilikuwa ikitengeneza injini yake ya Sakae, ilipewa kazi ya kujenga ndege yenyewe pia kuanzia mwishoni mwa 1941, na mpaka vita vinaisha ilikuwa imejenga nyingi kuliko kampuni iliyoibuni. Kila kiwanda kilikuwa na rangi zake na desturi zake za kuchora.

Hapa ndipo kujua uzalishaji kunapokuwa na faida kubwa. Zero za Pearl Harbor zilikuwa za Mitsubishi, kwa kuwa za Nakajima zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kutoka. Nakajima walizungushia hinomaru ya ubavuni mstari mweupe. Mitsubishi, katika kipindi cha kijivu, hawakuuweka. Basi ukiona mchoro wa Pearl Harbor wenye mstari mweupe kwenye duara la ubavu, tia shaka. Modeli 32, ile yenye mabawa yaliyokatwa ncha, na Modeli 22 zilitoka Mitsubishi peke yake, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na rangi za Nakajima. Ile ya kuelea majini, ambayo Washirika, yaani Marekani na wenzake, waliiita Rufe, ni ya Nakajima peke yake. Mtihani unabaki kwenye Modeli 21 za baadaye na Modeli 52, ambazo viwanda vyote viwili vilijenga.

Kuanzia katikati ya 1943 viwanda vilianza kupiga kijani kizito juu ya ndege na kuacha kijivu chini. Tazama mstari unaotenganisha rangi hizo mbili karibu na mkia. Kwa Mitsubishi unakwenda moja kwa moja kuelekea nyuma, chini ya bawa dogo la mkia. Kwa Nakajima unapanda kwa mkunjo na kukutana na ukingo wa mbele wa bawa hilo. Picha isiyo na rangi, hata yenye ukungu, inaweza kukupa jibu hilo, nawe ukishalipata umeshajua kijani gani, kijivu gani, na rangi gani ya chumba cha rubani. Kijani cha Mitsubishi kinavuta kwenye weusi wa bluu, cha Nakajima kina unjano kidogo. Mr. Color, chapa ya rangi za modeli, wanauza makopo tofauti: 126 kwa chumba cha rubani cha Mitsubishi na 127 kwa cha Nakajima. Boneti ya injini ya Mitsubishi ilikuwa nyeusi yenye bluu ndani yake. Nyeusi tupu ya kopo hukifanya kichwa cha ndege kionekane kama shimo, kwa hiyo changanya bluu hata kama unajenga 1/72.

Kabla ya kijani cha kiwandani kulikuwa na kijani cha uwanjani. Ipo picha mashuhuri ya Mei 1943, juu ya visiwa vya Solomon, ya Modeli 22 yenye namba UI-105 mkiani, iliyorushwa na Nishizawa Hiroyoshi. Kijani kimepigwa juu ya kijivu na mafundi wa kikosi, na kwa jicho la karibu unaona mahali mkono ulipopita mara mbili na mahali ulipopita mara moja. Ndege kama hiyo usiipige kijani cha bapa. Punguza rangi kwa thina mpaka iwe nyepesi, pita kidogokidogo, na uache kijivu kichungulie. Mabaka hayo ndiyo picha yenyewe.

Pearl Harbor ina raha nyingine kwa wanaopenda alama. Kila meli ilikuwa na mstari wake nyuma ya hinomaru ya ubavuni: Akagi mmoja mwekundu, Kaga miwili myekundu, Soryu mmoja wa bluu, Hiryu miwili ya bluu, Shokaku mmoja mweupe, Zuikaku miwili myeupe. Herufi za mkiani zinafuata mpango huohuo, AI kwa Akagi, BII kwa Hiryu, na kadhalika. Na kwenye sitaha hizohizo, ndege za kubeba torpedo ambazo Washirika waliziita Kate zilikuwa tayari zina kijani mgongoni, huku Zero na zile za kutupa mabomu kwa kupiga mbizi, Val, zikiwa bado za kijivu. Tarehe peke yake haitoshi kukupa rangi. Unahitaji na aina ya kazi ya ndege.

Ndani ya bati

Ukifungua mabawa au kutazama nyuma ya kiti cha rubani unakutana na aotake, vanishi inayopitisha mwanga, ya bluu-kijani, iliyopakwa juu ya alumini kuzuia kutu. Jeshi la Majini lilihitaji kinga hiyo sana, kwa kuwa chumvi ya bahari haina huruma na alumini ngumu za Japani. Zero ilitumia aloi mpya ya kampuni ya Sumitomo ya mwaka 1936 kwenye nguzo kuu ya bawa, nyepesi na yenye nguvu, lakini isiyopenda unyevu.

Aotake haiwezi kupigwa kutoka kopo la bluu. Rangi yake hutokana na chuma kinachong'aa chini yake. Piga kwanza fedha inayong'aa, iache ikauke kabisa, kisha changanya X-23 na X-25 za Tamiya, bluu na kijani zinazopitisha mwanga, zikiwa nyepesi sana, na upite tabaka jembamba. Pembeni na kwenye pembe, ambako vanishi ilikusanyika, ongeza tabaka la pili. Bati moja likiwa na bluu zaidi na jirani yake kijani zaidi usijilaumu, maana vipande halisi vinatofautiana, hata kuelekea unjano.

Jeshi la Nchi Kavu na rangi inayobanduka

Picha za Ki-61 Hien kule New Guinea mwaka 1943, za vikosi vya 68 na 78, huwashtua wanaoziona mara ya kwanza. Kijani kimebanduka vipande vikubwa, mabawa yamebaki alumini, ndege inaonekana kama imemwagiwa maji ya moto. Hien ilikuwa na injini ya kupozwa kwa maji iliyotokana na leseni ya Daimler-Benz DB 601, pua ndefu iliyochongoka, na Washirika wakaiita Tony kwa kudhani ina asili ya Kiitaliano. Kawasaki walizitoa kiwandani zikiwa alumini tupu. Kijani kilipigwa baadaye, na mafundi wa uwanjani, mara nyingi bila praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, juu ya bati laini, katika joto na unyevunyevu. Rangi ya namna hiyo haishiki.

Zero ni kinyume chake. Ilipigwa kiwandani, kwa maandalizi, na picha za mwanzo wa vita zinaonyesha ndege iliyochakaa kwa kupauka zaidi ya kubanduka. Mjenzi anayeibandua Zero ya Pearl Harbor kama Hien ya New Guinea ameitoa Zero yake kwenye jeshi moja akaipeleka jingine.

Kupata mbanduko wa Hien kwenye modeli ni kazi ninayoipenda kuliko zote, basi niieleze taratibu. Anza na praima nyeusi inayong'aa, isuguliwe kwa msasa mlaini sana wa maji mpaka isiwe na vumbi hata moja, kwa sababu alumini itaonyesha kila kasoro. Piga alumini kwa tabaka jembamba, acha ikauke usiku mzima, uifunike na vanishi. Sasa chukua spray ya nywele, ileile ya dukani inayouzwa kwa akina mama, na uipulize kidogo, mara mbili. Ikikauka, piga kijani cha akriliki juu yake. Usingoje siku nzima. Ndani ya saa moja au mbili lowesha eneo dogo kwa maji ya uvuguvugu, subiri kidogo, kisha gusa kwa brashi fupi ngumu. Maji yanapenya kijani, yanayeyusha spray chini yake, na kijani kinaachia kwa vipande vyenye kingo kali, jinsi rangi halisi inavyobanduka. Rangi za laka hazikubali njia hii kirahisi; tumia akriliki.

Muhimu zaidi ni kujua ubandue wapi. Anza kwenye shina la bawa ambapo rubani na fundi hukanyaga, kuzunguka vifuniko vya mafuta na bunduki vinavyofunguliwa kila siku, kwenye kingo za mabati ambako upepo unaingia chini ya rangi. Kisha simama, utazame picha, uendelee. Na usibandue usukani wa mkia ukaonyesha alumini, kwa kuwa hapo ni kitambaa. Kosa hili nimeliona hata kwenye modeli zilizopewa zawadi mashindanoni, na ukishalijua huwezi kuacha kuliona.

Kwa tunaopulizia rangi pwani, kuna tahadhari ya ziada. Vanishi na rangi za laka zikipigwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hushika ukungu mweupe, na kwenye kijani kizito cha Kijapani ukungu huo unaonekana mara moja. Subiri mchana mkavu, punguza kasi ya thina kwa kutumia ile inayochelewa kukauka, na upige tabaka nyembamba.

Ndege hizi zilipotukaribia

Wapo wanaodhani mada hii haina uhusiano nasi. Aprili 1942 meli tano za kubeba ndege za Japani, Akagi, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku, ziliingia Bahari ya Hindi. Tarehe 5 zilishambulia Colombo, na Val zake zikazamisha manowari mbili za Uingereza, Cornwall na Dorsetshire. Tarehe 9 zikashambulia Trincomalee, na meli ya kubeba ndege Hermes ikazama. Meli za Uingereza zilizobaki zilirudi nyuma, na Kilindini, Mombasa, ikawa kambi yao kuu. Wataalamu wa kuvunja siri za mawasiliano ya Japani nao walihamia Mombasa, wakafanya kazi kwenye majengo ya shule ya Allidina Visram. Mwishoni mwa Mei ndege ndogo ya kuelea, aina ya E14Y, iliyotoka tumboni mwa nyambizi I-10, iliruka juu ya Diego Suarez, Madagaska, kuchungulia bandari, na shambulio la nyambizi ndogo likafuata. E14Y ipo kwa modeli katika 1/72, nayo inastahili nafasi kwenye meza za Waafrika Mashariki kuliko Zero ya kumi.

Na Burma, mwaka 1944, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walipita bonde la Kabaw wakipambana na Jeshi la Nchi Kavu la Japani. Ndege za jeshi hilo kwenye anga la Burma zilikuwa Ki-43 Hayabusa, za vikosi kama cha 50 chenye alama ya radi na cha 64 chenye mshale mkiani. Mtu anayejenga Hayabusa ya 64 huku babu yake alikuwa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, hajengi kwa kuisifu. Anajenga chombo ambacho wazee wetu walikihofia, na anatakiwa akijenge kwa ukweli, mpaka kwenye mabaka ya kijani yaliyopigwa juu ya alumini.

Vanishi ya mwisho

Baada ya stika kukauka linabaki swali la mng'ao, na watu wengi hupuliza vanishi isiyong'aa kwenye kila ndege ya vita kwa mazoea. Rudi kwenye tarehe. Zero iliyotoka Mitsubishi 1941 iling'aa, na ripoti ya Februari 1942 inataja mng'ao huo waziwazi. Ipe vanishi ya nusu-mng'ao, kwa kuwa mng'ao kamili kwenye sentimita 25 huonekana kama mwanasesere. Zero ya kijani ya 1944 iliyokaa nje ya handaki kwa miezi, ipe isiyong'aa mgongoni na nusu-mng'ao tumboni. Hien ya New Guinea inataka vanishi mbili kwenye bawa moja: alumini iliyofunuka iachwe iking'ae, na kijani kilichobaki kififishwe kwa brashi ndogo, kipande kwa kipande. Ni jioni mbili za kazi, na usitumie kompresa.